Mji wa Mtoni Ambako Dada Anaunda Meli

Dada yangu alinipigia simu nikiwa kwenye metro naenda kazini Deira, hapa Dubai, nimesimama mlangoni na sare ya hoteli kwenye mfuko, akaniambia amepata kazi ya kuunda meli.

"Kuunda nini?" nikamuuliza.

"Meli. Zile za chuma. Mimi nitakuwa kwa wachomeleaji."

Abiria wenzangu waliniangalia kwa sababu nilikuwa nimeanza kucheka peke yangu. Dada ndiye kifungua mimba kwetu. Tulikulia juu milimani, upande wa Nakuru, ambako maji tuliyoyajua yalikuwa ya tangi la mvua na ya bwawa la ng'ombe. Alikuwa msusi, na msusi mzuri, mpaka alipobahatika kwenye bahati nasibu ya viza akaenda Marekani. Huko alianza kwa kufunga vifurushi kwenye ghala la jiji kubwa, mahali ambapo alisema hakuwahi kujua jina la mtu aliyesimama karibu naye. Kisha rafiki yake wa kanisani akamweleza habari za mji mdogo ulioko kando ya mto, katikati kabisa ya nchi. Kulikuwa na karakana ya meli ambayo mafundi wake wazee walikuwa wanastaafu, na mwenye kutaka kujifunza alifundishwa huku akilipwa. Dada akapanda basi na masanduku yake mawili.

Jioni ile nilipofika Al Nahda, tunakoishi, niliwaambia wenzangu wa chumbani. Tulikuwa watatu. Mmoja alitoka Tanga, mpishi katika mkahawa wa Deira, mtu wa maneno mazuri na sauti ya chini. Wa pili alikuwa Mganda, mlinzi kwenye duka kubwa, ambaye akirudi kazini alikuwa anavua viatu mlangoni na kuvibeba mkononi kama watoto wachanga.

"Meli," akasema Mganda. "Na bahari iko wapi huko?"

Tukafungua ramani kwenye simu. Tukaisukuma kwa kidole kushoto, tukaisukuma kulia. Bahari ilikuwa mbali kila upande. Palikuwa na mstari mwembamba wa buluu uliojikunja kama uzi uliodondoka sakafuni, na juu ya mstari ule jina la mji kwa herufi ndogo.

"Kaka, hapo wanaunda mitumbwi," akasema Mganda.

Yule wa Tanga hakucheka. Alichukua simu, akaufuata ule uzi wa buluu kwa kidole chake, taratibu, ukipita mji baada ya mji, ukiungana na mto mwingine mkubwa zaidi, mpaka ukatokea baharini kusini kabisa. "Mto huu unafika," akasema. "Chombo kikielea hapa, kinafika popote."

Mimi nilitamani kuamini maneno yale, nikaamua kuyaamini hapohapo.

Baada ya hapo zikaanza safari zetu za Jumapili. Dada alikuwa akitoka kanisani kwao asubuhi, kwetu ni jioni, nami nimeshamaliza zamu ya mchana. Alilazimika kuweka kwenye simu yake ile programu ya video inayokubaliwa huku Dubai, ambayo ina tabia ya kuganda mtu akiwa amefungua mdomo. Aliishika simu mbele yake, akatembea, nasi tukatembea naye tukiwa tumekaa kwenye vitanda vyetu.

Alituanzishia darajani. Daraja lenyewe lilikuwa la chuma cha kijani, refu kuliko nilivyofikiri, na lilipopitwa na lori lilitetemeka mpaka picha ikatetemeka. Chini yake mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Dada akageuka polepole. Tukaona minara ya makanisa, saa ya mahakama, maghala marefu ya nafaka, nyumba za mbao zilizopanda kilima kwa safu, na mwisho kabisa, upande ambao maji yalielekea, winchi za njano za karakana.

"Mmeona? Nikigeuka tena nitakuwa nimemaliza mji," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipoondoka nyumbani.

Tulipita naye barabara kuu. Majengo ya matofali mekundu, ya ghorofa mbili tatu, yakiwa na majina ya wenye maduka wa zamani yamechongwa juu karibu na paa, ingawa chini maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Yaliyobaki ni kinyozi, duka la misumari na rangi, duka la vitu vikuukuu, na mkahawa unaofunguliwa kabla ya jua kwa ajili ya watu wa karakana. Kwenye kona ya benki kulikuwa na mistari iliyochorwa ukutani, mmoja juu ya mwingine, kuonyesha maji yalifika wapi kila mto ulipofurika. Dada alisimama chini ya mistari ile akanyoosha mkono. Ule wa juu kabisa hakuufikia.

"Na bado wanaishi hapo?" akauliza Mganda.

"Wanaishi. Wamejenga ukuta."

Ukuta ulitenganisha mji na mto, wa zege, mrefu, wenye milango mikubwa ya chuma inayofungwa maji yakipanda. Upande wa mjini walikuwa wameuchora wote. Tulitumia Jumapili nzima kuutazama. Mwanzoni zilichorwa meli za mvuke zenye gurudumu kubwa nyuma, zile ambazo mji ulianza nazo. Halafu zikaja meli za kijivu zenye mlango mbele kama wa gereji, zilizoundwa pale wakati wa vita kuu ya pili ili kupakua askari na vifaru ufukweni. Mbele ya meli za kijivu walisimama wanawake waliovaa ovaroli na vitambaa vya kichwa, kila mmoja ameinua ngao yake ya uso.

Dada alisogeza simu karibu sana. "Hawa wachomeleaji," akasema. "Wanaume walikwenda vitani, wanawake wakaingia karakana. Meli zikatoka hapa, zikashuka na mto mpaka baharini." Akagusa ngao ya mwanamke mmoja kwa kidole. "Mama yake bibi yangu wa nyumba alikuwa mmoja wao."

Huyo bibi wa nyumba alikuwa mjane aliyemkodisha dada chumba cha juu. Tulipozoeana naye alianza kuingiza uso wake kwenye simu bila kukaribishwa. Alikuwa na nywele nyeupe fupi na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Kwanza aliamini Dubai iko Kenya. Nilimpelekea simu dirishani nikamwonyesha minara ya Al Nahda na barabara ya kwenda Sharjah, magari yamekwama taa kwa taa mpaka macho yanapoishia.

"Hayo magari yote yanakwenda wapi?" akauliza.

"Nyumbani, bibi."

"Huku kwetu yakifuatana magari kumi," akasema, "tunavua kofia. Tunajua ni mazishi."

Nilipowatafsiria wenzangu, yule wa Tanga alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu siku hiyo akawa rafiki wa bibi. Alimuuliza wanavyopika samaki wa mtoni, naye bibi akamweleza kambare wa unga wa mahindi, na Jumapili iliyofuata yule wa Tanga alikuwa amejaribu na tukala. Mganda yeye alipenda timu ya shule ya mji ule, ambayo bendera zake zilikuwa kila dirisha, ingawa ni mpira wa Kimarekani, wa kukimbia nao mkononi, ambao hatukuelewa kanuni zake. Ilikuwa nikichelewa kupiga simu, ni yeye anayeniuliza: "Leo dada anatupeleka wapi?"

Mimi nikawa naongea habari za mji ule kila mahali. Siku moja walifika hotelini mume na mke Wamarekani. Nikiwa nimebeba masanduku yao kwenye lifti niliwauliza kama wanaujua, nikalitaja jina kama nilivyolisoma. Hawakunielewa. Nikalirudia. Mwisho nikawaandikia kwenye simu, na yule bwana akalisoma kwa namna nyingine kabisa, nusu ya herufi zimelala bila kutamkwa. Hawakuwahi kufika. Mke wake akauliza kuna nini huko, nami nikaanza na daraja. Lifti ilifika, tukatoka, nikaendelea. Nilipomaliza kuhusu ukuta na wanawake wa vitani tulikuwa tumesimama nje ya chumba chao na ufunguo uko mkononi mwangu.

"Basi itabidi twende," akasema yule mama, akamtazama mumewe.

Kwa wakati huo dada alikuwa amewekwa kwenye kivuko. Karakana ilikuwa imepata kazi ya kuunda kivuko cha kubeba magari na watu kwa ajili ya mji mwingine wa mbali, ulio karibu na bahari. Habari hii ilitupa mazungumzo ya wiki nzima chumbani. Mimi niliifahamu Likoni kwa kupita mara moja, yule wa Tanga aliifahamu Kigamboni, na kila mmoja alieleza ni kwa nini foleni ya kwake ndiyo mbaya zaidi. Dada alicheka akasema hiki chake hakitakuwa na foleni, kitakuwa na viti laini na kahawa.

Yeye alichomelea chini, kwenye tumbo la chombo, mara nyingi amelala chali, cheche zikimwingia shingoni. Alituonyesha mikono yake, madoa madogo ya moto kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, na hakutuonyesha kwa kulalamika. Msimamizi wake alikuwa mzee mkubwa mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Mwanzoni kila alichochomelea dada, mzee yule alipita na tochi, akakikagua, akasema, "Tena." Dada anasaga chote, anaanza upya. "Tena." Anasaga. Ilikuwa hivyo wiki nyingi. Kisha siku moja mzee akapitisha kidole juu ya mshono, akaenda zake bila kusema kitu.

"Bila kusema kitu," dada aliturudia, uso umejaa skrini yote. "Mnaelewa? Alikwenda zake tu."

Tulielewa. Mganda alipiga makofi.

Mtu pekee ambaye hakufurahi alikuwa mama. Nilipompigia nyumbani alikuwa akiuliza jambo moja tu. "Baba," aliniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nina jina la baba yake, "huyo mtoto hajui kuogelea. Nani alimpeleka kwa maji?"

"Mama, kazi yake ni nchi kavu. Chombo kiko juu ya ardhi."

"Na siku ya kukitia kwa maji?"

Swali hilo nililipeleka kwa dada. Ndipo alipotueleza jambo ambalo hakuna aliyeliamini mara ya kwanza. Mto ule, alisema, si mpana wa kutosha kwa meli kuteremka kwa mbele, ingegonga ng'ambo. Kwa hiyo chombo huundwa kimelala sambamba na mto, juu ya mapito ya mbao yanayopakwa grisi, na siku ikifika kinaachiliwa chote kwa mara moja, kinaanguka majini kwa ubavu.

"Kwa ubavu?" nikamuuliza. "Kama mtu anayeanguka kitandani?"

"Hivyo hivyo. Kinalala kabisa, unaweza kuapa kimepinduka. Halafu kinainuka."

"Kwetu kutia chombo majini ni kushua," akasema yule wa Tanga. "Lakini kushua kwa ubavu, hilo sijapata kulisikia."

Mimi wa milimani neno lenyewe nilikuwa nalisikia mara ya kwanza. Nililipenda. Nikalichukua na kulitumia kila nafasi, mpaka wahudumu wenzangu hotelini wakajua kwamba dada yangu atashua kivuko, hata wale wasiojua Kiswahili.

Siku ikapangwa. Halafu mto ukapanda. Theluji ilikuwa imeyeyuka huko juu na mvua ikaongezea, na dada alipotuonyesha maji hatukuyatambua. Yalikuwa yamefika kwenye miti, yanakwenda kasi, yamebeba magogo mazima na kibanda cha mtu cha kuvulia samaki kikiwa bado na paa. Mlango wa chuma kwenye ukuta ulikuwa umefungwa. Watu walikuja na viti vyao wakakaa juu ya kilima kuutazama mto kama watu wanaomtazama jamaa yao aliyelewa, kwa hofu na kwa mazoea.

Kushua kukaahirishwa. Mganda aligundua kwamba vipimo vya mto ule vinawekwa kwenye mtandao, basi akawa anavifuatilia akiwa zamuni kwenye duka lake kubwa, kati ya manukato na saa za dhahabu. Jioni moja aliingia chumbani bila kuvua viatu.

"Umeshuka," akasema. "Umeshuka tangu asubuhi, na unaendelea."

Siku mpya ikawa Jumamosi, saa nne asubuhi kwao, yaani saa moja jioni kwetu, na mimi nilikuwa nimepangiwa zamu ya jioni. Nilikwenda kwa msimamizi wetu wa mapokezi, Mfilipino mmoja ambaye sote tulimwita madam, mwanamke mfupi wa viatu virefu ambaye husikika kabla ya kuonekana. Nikamweleza. Akaangalia ratiba.

"Jioni hiyo kundi la wafanyabiashara linaondoka," akasema. "Mizigo yote ile nani atabeba? Utakuwa kazini." Nikashukuru, nikageuka kuondoka. "Lakini," akaendelea, "sijasema simu yako iwe wapi."

Jumamosi ilipofika ukumbi wa mapokezi haukuwa na pa kukanyaga. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Kampala walikuwa wamemaliza kununua bidhaa soko la Naif na sasa walisubiri basi dogo la kuwapeleka uwanja wa ndege, ambalo lilikuwa limekwama kwenye foleni. Marobota yao yaliyofungwa kwa utepe wa gundi yalipangwa mpaka kwenye lifti. Juu ya robota moja aliketi mama wa Kariakoo, mwuza mapazia, mgeni wetu wa mara kwa mara. Wageni wa Tanzania walikuwa wamenifundisha kuamkia kwa adabu, kwa hiyo nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unachungulia simu kama unangoja matokeo ya mtihani?"

Nikamweleza kwa kifupi. Aliyasikiliza yote, kisha akageuka nyuma akawaita wenzake kwa sauti ya sokoni.

"Njooni huku. Dada yake huyu kijana anashua meli Marekani."

Nikaisimamisha simu juu ya toroli, nimeiegemeza kwenye begi la mtu, na watu wakakusanyika. Kwenye simu tulikuwa wengi. Kijisanduku kimoja kilikuwa cha chumba chetu Al Nahda, yule wa Tanga na Mganda wamebanana. Kingine kilikuwa cha mama, Nakuru, ambaye alikuwa amesema hatatazama lakini alikuwepo, paji lake la uso tu likionekana. Kikubwa kilikuwa cha bibi wa nyumba, aliyepewa kazi ya kushika simu ya dada, maana dada mwenyewe alikuwa chini ya chombo na nyundo.

Kwa dakika za mwanzo tuliona viatu vya bibi. Kisha tukaona nyasi. Kisha mawingu.

"Bibi, tafadhali, meli," nikamwambia kwa Kiingereza.

"Naam, naam, si ndiyo hii?"

Akainua simu, na hapo tukakiona. Kilikuwa cheupe chenye mstari wa buluu, kikubwa kuliko jengo lolote la barabara kuu, kimesimama nchi kavu kando ya maji, bendera ndogondogo zimefungwa kutoka omo mbele hadi tezi nyuma. Kingo zilijaa watu. Bendi ya shule ilikuwa inapiga. Chini ya tumbo la kivuko safu ya mafundi wenye kofia ngumu walikuwa wanagonga kabari, wote kwa pamoja, na sauti ya nyundo ilikuja Deira imechelewa kidogo, ko, ko, ko.

"Yule pale," bibi akasema. "Mwenye kitambaa chekundu chini ya kofia."

Ukumbi mzima ukainama. Kitambaa chekundu kilipanda na kushuka na nyundo, halafu mzee mwenye ndevu akainua mkono, na mafundi wote wakatoka chini ya chombo wakarudi nyuma. Mwanamke wa heshima akaletwa kuvunja chupa kwenye omo, kama ilivyo desturi yao. Aligonga, chupa haikuvunjika. Kule kwao wakacheka, na kwetu mama wa Kariakoo akasema, "Mpeni nyundo." Akagonga tena, ikapasuka. Bendi ikanyamaza.

Hapo ndipo basi lilipofika. Dereva aliingia akipiga makofi. "Yalla, yalla, uwanja wa ndege. Ndege haisubiri."

"Ngoja kwanza," akasema mama wa Kariakoo bila kugeuza shingo. "Meli inashuka."

Dereva alikuja kulalamika, akachungulia juu ya mabega ya watu, akabaki hapo. Nilisikia viatu vya madam vikija kwenye marumaru, vikasimama nyuma yangu.

Honi ikalia, ndefu. Kamba zikakatwa. Kivuko kikaanza kusogea, kwanza polepole sana kama kinafikiri, kisha kikaanza kuinamia mto, na kikiwa kimeinama hivyo, nusu kiko hewani, picha ikaganda.

Watu wapatao thelathini walishusha pumzi kwa pamoja. Nikaigonga simu. Nikaiinua juu, nikaishusha. Kivuko kilibaki palepale, kimeinama, hakianguki. Kwenye kijisanduku chao yule wa Tanga alikuwa ameshika kichwa, naye ameganda.

Halafu tukasikia sauti ya mama kutoka Nakuru. Huko kwao picha ilikuwa inaendelea.

"Imelala," mama akasema. "Inaanguka. Baba, inaanguka yote. Maji, maji yamepanda, Mungu wangu, hata siioni, ni maji tu." Akaingia kwenye Kikikuyu, akatoka, hakuna mtu pale ukumbini aliyethubutu kukohoa. "Imelala kabisa. Ngoja. Ngoja." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayemtazama ndama akijaribu miguu yake. "Inaamka. Inarudi huku. Inaenda kule. Imesimama. Baba, imesimama, inakaa kwa maji vizuri."

Ukumbi ulilipuka. Wamama wa Dar walipiga vigelegele, wafanyabiashara wa Kampala wakapigana mabega, dereva akanipa mkono kana kwamba kivuko ni changu. Niligeuka nikamwona madam amekumbatia faili lake, anatabasamu kwa meno yote, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Picha ilirudi. Kivuko kilikuwa kinayumba taratibu katikati ya mto, cheupe, kizima, na wimbi lake lilikuwa limewafikia watu wa ukingoni, wanakimbia na viti vyao huku wanacheka. Bibi wa nyumba alikuwa ameloa miguu na alikuwa anatueleza habari hiyo kwa fahari. Kisha simu ikanyakuliwa, na uso wa dada ukatokea, mweusi kwa masizi, kitambaa chekundu kimelowa.

"Mmeona?"

"Mama ndiye aliona," nikamwambia. "Sisi wote huku tumesikia kwake."

Dada akatafuta kijisanduku cha mama. "Mama, umeona?"

"Nimeona." Sasa mama alikuwa ameishika simu sawasawa, na uso wake wote ulionekana, machozi yakiwa yamefika kidevuni. "Kazi yako iko wapi pale?"

"Ni yetu sote, mama. Mimi nilifanya chini. Huwezi kuiona sasa, iko ndani ya maji."

"Na haivuji?"

"Haivuji."

Mama akatikisa kichwa polepole. Akawageukia majirani waliokuwa nyuma yake, ambao hatukujua kama walikuwapo, akawaambia kwa Kikikuyu kwamba haivuji.

"Khalas, imekwisha," akasema madam nyuma yangu, lakini kwa upole. "Sasa mizigo."

Tuliipakia kwa furaha. Sijapata kuona marobota yakiwa mepesi namna ile. Mama wa Kariakoo mwenyewe alishika pembe ya robota lake, na dereva ambaye kwa kawaida hukaa kwenye usukani alishuka akasukuma. Basi lilipokuwa linaondoka nilimwona mama yule dirishani amewageukia waliokaa nyuma, mikono yake miwili imenyooka mbele, anawaonyesha jinsi kivuko kilivyolala na jinsi kilivyoinuka.

Kivuko kilikaa gatini siku kadhaa kikamaliziwa, kisha kikaondoka na mto. Dada alikwenda darajani kukiaga na bibi, na kilipopita chini yao kikapiga honi. Alisema mkahawa uliwapa watu wa karakana pai bure, na yule mzee mwenye ndevu alikaa meza moja na yeye akala zake kimya, kisha wakati wa kuondoka akamwambia Jumatatu asichelewe, kuna chuma kipya kimefika.

Chuma kile ni cha tishari, chombo bapa cha kubebea mahindi mtoni. Mama wa Kariakoo aliponiuliza habari za dada alikuwa amerudi Dubai na wenzake wapya, na kabla hata hajapewa ufunguo alikuwa ameshawaeleza mimi ni nani.

"Sasa dada yako anaunda nini?"

Nikamwambia.

"Na hilo litashuliwa lini?"

Nikamtajia mwezi, nikamwambia inategemea mto. Alifungua kalenda kwenye simu yake, akafikiri, akampigia wakala wake wa tiketi akiwa bado amesimama mbele ya mapokezi, akamwambia safari yake ijayo ya kuja Dubai aisogeze mbele kidogo, iangukie mwezi huo.